Mhadhiri amekiita kitabu changu cha chekechea mbele ya darasa zima

Wakuu, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka. Mhadhiri wetu wa fizikia ya yabisi, yaani ya vitu vigumu kama chuma na chumvi, ambaye kila aliyesoma hapa Dar anamjua bila kutajiwa jina, leo asubuhi amekishika kitabu changu kwa vidole viwili, akakiinua juu na kusema kwamba ni cha chekechea. Cha chekechea! Nadhani kicheko cha darasa kilisikika hadi Feri kwa wauza samaki. Kitabu chenyewe ni cha Steven Simon wa Oxford, kilichotoka mwaka 2013, ambacho kinaanza na joto la yabisi kwa hesabu za wanafizikia Einstein na Debye, kikaingia kwenye atomu zilizopangwa mstari mmoja, na ndipo kinampeleka msomaji kwenye fuwele za pande tatu, yaani yabisi ambazo atomu zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia, akiwa ameshajua anatafuta nini. Yeye anataka Kittel peke yake, kitabu cha tangu mwaka 1953, ambacho kufikia sura ya pili tu kimeshakutumbukiza kwenye latisi ya kinyume, ule mpangilio wa kihesabu unaotokana na fuwele, kama abiria aliyesukumwa kutoka kwenye kivuko cha Kigamboni. Vidole viwili, wakuu, mbele ya watu wote!

Kijana wa Tandale: Pole mkuu, ila vidole umevitaja mara mbili na Debye mara moja. Hapo unacholalamikia ni nini?

Mwanafuwele: Mimi alinifukuza mbele nilipokuja na kitabu cha Ashcroft na Mermin. Kitabu kile cha mwaka 1976 kina kurasa zaidi ya 800, kinaanza na elektroni za Drude, zile zinazotembea huru ndani ya metali, na fuwele unazikuta sura ya nne. Kwangu ndicho bora, hata kama mgongo unauma.

Dada Umeme: Ninyi angalau mna vitabu vya kugombania. Wa steshenari alinitolea kopi akakata ukingo wa kulia, kwa hiyo nimesoma nadharia ya Bloch, ya elektroni ndani ya fuwele, bila kuona mwisho wa mlinganyo hata mmoja.

Mwanzisha uzi: Naomba turudi kwenye vile vidole viwili.

Kijana wa Tandale: Dada, ni steshenari ile ya kona? Kopi yangu haina sura nzima ya semikondakta (vitu vinavyopitisha umeme nusunusu, kama silikoni), na mtihani umejaa semikondakta.

Dada Umeme: Ndiyo hiyo hiyo. Sura hiyo ninayo, imekosa ukingo tu. Nitakuja nayo kesho maktaba.