Nasoma Neno kila asubuhi lakini nikifika kazini silioni tena, wenzangu mnafanyaje?

Mtunza_Stoo

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba tusaidiane kwenye hili maana nimeliwaza muda mrefu. Mimi nasoma Biblia kila siku, nimeshika ule mpango wa kuimaliza yote ndani ya mwaka, sura tatu mpaka nne asubuhi kabla sijatoka, nasomea kwenye simu, nikimaliza naweka tiki naondoka. Kusoma sio shida. Shida ni kwamba ikifika saa sita mchana ukiniuliza nilisoma nini inabidi nifungue simu niangalie, yaani Neno linabaki kule asubuhi na kazi inaendelea huku kivyake.

Mfano wa juzi. Asubuhi nimesoma Walawi 19, sura tamu kweli, nimeenda kazini. Mimi ni mtunza stoo. Mzigo umeshushwa, nahesabu nakuta pungufu, bosi ananiambia we saini tu karatasi ya kupokelea kwamba umetimia, hayo mengine nitamalizana nao mwenyewe. Nikamwambia ngoja nirudie kuhesabu, tukaachia hapo, karatasi bado iko kwenye droo haijasainiwa. Usiku nimelala ndo nakumbuka, hivi si ile sura mwishoni inazungumzia kabisa vipimo vya haki na mizani ya haki? Siku nzima ilikuwa wapi?

Kwa hiyo nina maswali mawili, la kwanza mnasomaje ili Neno likufuate mpaka kazini, la pili ni hiyo karatasi maana Jumatatu ataiulizia. Msiniambie niombe tu, naomba, nataka kujua na mikono inafanya nini.

Kinubi

Amina ndugu. Swali lako limenigusa maana naona watu wengi tunahesabu sura. Biblia ina sura 1,189, ukigawa kwa siku za mwaka ndo unapata hizo tatu na kitu kwa siku, na kwa mwendo huo macho yanapita tu, huna muda wa kusimama mahali.

Mimi ningekushauri upunguze. Chukua mistari michache, isome polepole, ikiwezekana kwa sauti, irudie, ukikuta neno limekushika usiendelee mbele, kaa nalo hapo hapo. Kisha mjibu Mungu kuhusu hilo neno, halafu nyamaza kidogo. Hii sio kitu kipya, wamonaki walikuwa wanasoma hivi tangu zamani, yupo mmoja anaitwa Guigo wa Pili karne ya 12 aliyeipanga kama ngazi ya hatua nne, kusoma, kutafakari, kuomba na kutulia mbele za Mungu. Ndugu zetu Wakatoliki wanaifahamu vizuri lakini haina dhehebu, yeyote anaweza.

Ila mimi naongeza hatua ya tano ambayo nimeitoa Luka 3. Yohana Mbatizaji anahubiri, watu wamechomwa moyo, wanamuuliza "Tufanye nini basi?" Sasa angalia majibu yake. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru wanaambiwa "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Askari nao wanauliza, wanaambiwa wasidhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, watosheke na mishahara yao. Kila mtu kajibiwa kwenye kazi yake! Hakuwaambia watoza ushuru waache kazi wakakae naye jangwani. Alienda moja kwa moja kwenye ile sehemu ambapo kila kundi lilikuwa na nafasi ya kuiba au kuonea.

Kwa hiyo kabla hujafunga Biblia jiulize hilo swali lao, mimi mtunza stoo, leo, nifanye nini basi? Usikubali jibu la jumla jumla kama "nitakuwa mwaminifu", taja kitu chenyewe na mtu mwenyewe. Ungeuliza hivyo asubuhi ile kwenye Walawi 19 nadhani karatasi ingekukuta ukiwa na jibu.

Chumvi_Kidogo

Kinubi umesema vizuri sana hasa hiyo ya Luka 3 lakini kwenye kupunguza mimi sikubaliani, au niseme nakubali nusu. Huyu ndugu Walawi 19 ameikutaje? Ni kwa sababu ya mpango. Ukituachia wenyewe tuchague mistari ya kutafakari tutabaki na Zaburi 23 na Wafilipi 4:13 mpaka Bwana arudi, nani ataamka asubuhi ajichagulie Walawi? Na humo ndo kuna mambo ya kila siku kabisa, usikae na ujira wa kibarua mpaka asubuhi, usimlaani kiziwi, usimwekee kipofu kikwazo, msimame mbele ya mwenye mvi, mgeni mmpende kama nafsi zenu. Hata ile "mpende jirani yako kama nafsi yako" ambayo Yesu aliinukuu iko humo humo, mstari wa 18, katikati ya mambo ya shamba na mishahara na vipimo.

Tena kusoma mstari mmoja mmoja kuna hatari yake. Hiyo Wafilipi 4:13, nayaweza mambo yote, watu wanaitumia kwenye mitihani na biashara, lakini rudi mistari miwili nyuma, Paulo yuko kifungoni anasema amejifunza kuwa radhi akiwa ameshiba na akiwa na njaa. Anachosema anakiweza ni hicho. Au Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya, wote tunaipenda, ila hiyo ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli na mstari wa 10 umewaambia ni miaka 70, na kabla ya hapo wameambiwa wajenge nyumba wakae, wapande bustani, waoe na kuozesha, wautakie amani mji ule ule waliopelekwa utumwani. Ukiusoma huo mstari peke yake unakaa unasubiri muujiza wa wiki ijayo. Ukisoma barua nzima unajua Jumatatu unafanya nini: unapanda bustani.

Ushauri wangu, mpango usiuache, ila ukimaliza sura zako chagua mahali pamoja tu uondoke napo. Mistari miwili inatosha. Iandike kwa mkono kwenye kikaratasi au kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kazi, isibaki kwenye simu, maana simu ukiifungua unakutana na meseji kwanza.

Mama_wa_Zamu

Shalom wanangu. Mimi nasoma hapa nasema wote mna muda mzuri, Mungu azidi kuwapa. Mimi namuuguza mama yangu, usiku naamshwa mara nyingi, asubuhi sina hata hizo sura tatu wala huo utulivu wa ngazi nne. Nawaandikia kwa ajili ya wengine kama mimi wanaosoma huu uzi wakaona hayawahusu.

Ninachofanya nachukua zaburi moja nakaa nayo wiki nzima, hiyo hiyo. Jumatatu naisoma yote, baada ya hapo vipande vipande, nikimgeuza mgonjwa kipande, nikifua kipande. Wiki iliyopita ilikuwa 141, ule mstari wa tatu, "Ee Bwana, uweke mlinzi kinywani pangu." Mgonjwa akikuuliza jambo lile lile tena na tena na wewe hujalala, kinywa kinataka kufunguka vibaya, na mimi namshika mkono, nausema huo mstari kimoyomoyo taratibu mpaka mwisho, ndio namjibu. Muda wa kuusema ni mfupi sana lakini unatosha sauti kushuka. Kwangu mimi kutafakari ndio huko, sina kwingine.

Na kingine wanangu, zipo siku ambazo sina la shukrani mdomoni. Zaburi ya 88 inaisha gizani, mstari wa mwisho kabisa ni giza, hakuna pale "lakini nitakusifu" kama kwenye zaburi nyingine. Na bado imewekwa kwenye Biblia iwe maombi ya watu wa Mungu. Mtu aliyechoka asifikiri kwamba kumuishi Kristo ni kutabasamu, kumwambia Mungu ukweli wa hali yako nako ni imani.

Mtunza_Stoo mwanangu, usiku kabla ya kulala ipitie siku yako mbele za Mungu, wapi nilimsikia, wapi nilimpita. Ignatius wa Loyola alikuwa anawafundisha watu wake hivyo kwenye karne ya 16. Wewe uliposema usiku umelala ndio umekumbuka, mimi sioni kwamba Neno lilipotea. Lilikuwa linakutafuta.

Mzee_wa_Leja

Kijana wangu, wengine wamekujibu la kwanza vizuri, mimi nijibu la pili maana nimekaa kwenye mambo ya hesabu na stoo muda mrefu.

Saini yako ni ushuhuda. Ukisaini "umetimia" na haujatimia, hiyo ni amri ya tisa, usimshuhudie jirani yako uongo, na jirani hapo anaweza kuwa dereva, anaweza kuwa mwenye mali, anaweza kuwa mwenzako atakayepokea stoo baada yako akakuta pengo ambalo karatasi inasema halipo. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Chukizo ni neno zito, na hapo limewekwa kwenye kupima tu.

Sasa mikono inafanya nini. Hesabu upya ukiwa na mtu mwingine pembeni. Andika ulichohesabu, sio kilichoandikwa kwenye karatasi, weka "pungufu" na idadi yake, halafu saini hicho. Hapo hujakataa kusaini, umesaini ukweli. Kisha mfuate bosi peke yake kabla hajakuulizia, usisubiri mpaka akukute mbele za watu. Mathayo 18:15 inasema mkiwa wewe na yeye peke yenu, na ingawa pale Yesu anaongelea ndugu, heshima ile inamfaa hata bosi. Mwambie bosi, nimehesabu nimepata hivi, nimeandika hivi ili na wewe ukienda kudai uwe na karatasi ya kudaia. Huo ni ukweli, karatasi inayosema mzigo umetimia inamfunga yeye mwenyewe asidai. Inawezekana hana nia mbaya, ana haraka tu. Usianze kumhubiria, na usipeleke habari kwenye grupu la kazini.

Akikasirika? Inawezekana. Sitakudanganya kwamba ukisema kweli mlango utafunguka siku hiyo hiyo. Yusufu alikataa kumkosea Mungu kwa mke wa Potifa na kilichofuata ni gereza. Ila hata kule gerezani mkuu wa gereza alimkabidhi wafungwa wote, maana mtu wa kuaminika anajulikana hata akiwa amefungwa.

Na jambo moja watu hawaliangalii. "Lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana", Wakolosai 3:23, mabosi wanapenda kuubandika ukutani. Yale maneno waliambiwa watumwa, watu wasiokuwa na sauti kabisa, na mistari mitatu tu mbele, 4:1, mabwana nao wanaambiwa wawape watumwa haki kwa kuwa na wao wana Bwana mbinguni. Ukifanya kwa Bwana maana yake bosi sio mwisho wa hesabu. Unamtii, unamheshimu, lakini uongo wake huubebi.

Kinubi

Mzee wangu shikamoo, hiyo ya "umesaini ukweli" imenisaidia na mimi. Na Chumvi nakubali, tusiache mpango, nilikuwa naona upande mmoja. Ila bado nasema asiye na muda wa vyote viwili apunguze idadi. Antoni wa Misri karne ya tatu aliingia kanisani wakati Injili inasomwa, pale Yesu anamwambia yule tajiri auze alivyo navyo awape maskini, akatoka akaachia mashamba aliyorithi. Alisikia sehemu moja akaitenda.

Chumvi_Kidogo

Kweli kabisa, japo ukiendelea na habari yake aliingia tena kanisani akasikia "msisumbukie ya kesho", ndo akatoa hata kile kidogo alichombakizia dada yake. Angesikia mara moja tu akatosheka? Ndo maana nasema tuendelee kusoma mbele.

Mtunza_Stoo

Wapendwa nashukuru mno, sikutegemea majibu ya namna hii. Nimerudi na mrejesho. Nilihesabu upya na mwenzangu, nikaandika pungufu, nikamfuata bosi ofisini kwake kabla hajaniita. Aliitazama ile karatasi kimya muda mrefu, akasema iache hapo. Hajafurahi na hajanigombeza, sijui itaishia wapi, nimemwachia Mungu. Asubuhi ile nilikuwa nimeandika kwenye daftari la kazi mistari miwili ya Luka 3 kama Chumvi alivyosema, na mkono ulikuwa juu yake wakati naongea.

Sasa limezuka jingine. Yule mwenzangu tuliyehesabu naye sio mtu wa kanisani, ameniuliza kwa nini nahangaika na mzigo ambao sio wangu. Nikamwambia nitamjibu. Mzee wa Leja ungekuwa wewe ungemwambia nini, maana sitaki kumrushia mistari mingi akaniona najikweza.

Mzee_wa_Leja

Marahaba Kinubi. Kijana, Petro amelijibu hilo, 1 Petro 3:15, uwe tayari kumjibu anayekuuliza habari ya tumaini lililo ndani yako lakini kwa upole na kwa hofu. Ona kwamba ni yeye amekuuliza. Mjibu kwa urefu wa swali lake, mwambie mimi namwamini Yesu na sitaki kuandika uongo, basi. Akiuliza zaidi mpe zaidi. Asipouliza endeleeni na kazi, na akizidiwa na mizigo yake kesho msaidie kuhesabu.

Mama_wa_Zamu

Na umwombee kwa jina mwanangu, kila siku.