Mashine ya chipsi ya gesi au ya umeme kwa banda la nje, Dodoma? Naombeni ushauri

BintiNkuhungu
Habari za jioni wakuu. Nimepata sehemu Nkuhungu, pembeni ya barabara, nataka kuuza chipsi kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa nne usiku. Juu kuna bati, pembeni wazi kote. Nimejifunzia kwenye karai la mama na mkaa, lakini moshi umenichosha. Nimejichanga laki nne. Dukani wamenionyesha mbili: ya umeme yenye masinki mawili ya lita 6, na ya gesi ya sinki moja, lita 6 pia. Muuzaji anaisifia ya umeme, eti unachomeka tu unaanza kazi. Umeme nitavuta kwa ekstensheni kutoka kwa mwenye nyumba, hatua kama ishirini, LUKU tuchangie. Nichukue ipi? Mambo ya viazi niachieni, hayo nayamudu.

fundi_waya
Dada, kabla hujalipa soma kibati cha nyuma. Nyingi za namna hiyo ni wati 2,500 kila sinki, mawili 5,000. Soketi ya ampea 13 mwisho wake ni wati 3,000 hivi. Ukichomeka masinki yote kwenye ekstensheni moja, tena ndefu, waya unayeyuka na wewe mikono ina mafuta. Mashine hiyo inataka laini yake kutoka mein swichi, waya mnene, na athi, yaani waya wa kwenda ardhini. Halafu sinki moja likiwaka saa nzima bila kukata linakula uniti 2.5. Themostati, kile kidhibiti joto, inakata na kurudi, kwa hiyo zitakuwa pungufu, lakini mwenye nyumba hatapiga hesabu hivyo. Mtagombana kabla mwezi haujaisha.

chipsizege
Karai. Mkaa. Nimemaliza.

MzeeWaMakole
Mkaa si serikali imepiga marufuku?

fundi_waya
Mzee, ile ya Januari 2024 ilizihusu taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100. Banda la chipsi halimo. Ila dada kasema moshi umemchosha, tumsikilize.

MamaWaMajengo
Mwanangu, nimekaanga chipsi nje miaka sita, mitatu kwa mkaa na mitatu kwa gesi. Hapa kwetu anayekuchagulia mashine ni upepo. Mwezi wa saba na wa nane unajua unavyokuja na vumbi lake, na wateja ndiyo wanatoka kazini. Mashine yangu ya kwanza ya gesi niliifuata kwa urahisi wa bei, moto wake upo wazi chini kama jiko la nyumbani. Upepo ukipiga, mwali unalala upande, mafuta yanapoa, viazi vinakunywa mafuta badala ya kuiva. Mteja anashika karatasi inachuruzika.

Siku moja ukazimika kabisa, mimi nakata kachumbari sina habari. Nikasikia harufu nilipoinama kuchukua ndoo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini. Na jirani yangu wa mishkaki jiko lake lipo hatua nne! Nilifunga mtungi mikono inatetemeka, nikamwagia maji mkaa wake bila kumuomba. Ameninunia mpaka leo.

Ya pili niliuliza swali moja tu: moto ukizimika, gesi inajikata? Yenye kinga hiyo ina kijiti chembamba kinacholambwa na mwali, na ukiwasha unashikilia kitufe sekunde kadhaa ndipo moto unakubali kukaa. Iwashwe dukani, uzime moto wa kijiti hicho kwa kupuliza, usubiri. Ndani ya dakika moja hivi usikie "tak", gesi imekata. Wakikataa kuiwasha, ondoka.

Banda lako piga bati upande wa mashariki, upepo wetu mwingi unatoka huko. Usiizibe mashine pande zote, nayo inataka hewa.

mtungi15
Mama kamaliza, naongezea dogo. Kibati kikiandika 2800 Pa, hiyo ni presha ndogo, tumia regulata ya kawaida ya nyumbani. Usidanganywe ufunge ile ya majiko makubwa ya mgahawa, utaunguza nyusi. Mtungi chukua wa kilo 15. Wa kilo 6 ukivutwa kwa nguvu muda mrefu unapoa, moto unanywea, na baridi ya Juni inazidisha. Maungio pake povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi.

BintiNkuhungu
Asanteni sana. Mama, shikamoo. Mafuta je? Nina mjomba Singida anakamua alizeti, ananipa kwa bei ya udugu.

MamaWaMajengo
Marahaba. Hayo kula nyumbani na mboga. Mafuta ya kukamua tu, yasiyosafishwa, yanatoa povu na yanafuka moshi mapema, na chipsi zinataka nyuzi 170 mpaka 180. Nunua alizeti iliyosafishwa. Viazi ukivitoa kwenye maji vikaushe kwa kitambaa, maji kwenye mafuta ndiyo yanayorusha. Usijaze lita zote 6, ishia kwenye mstari.

chipsizege
Karai halina mstari na tunaishi.

BintiNkuhungu
Mrejesho. Nilirudi dukani, nikamwambia muuzaji awashe ile ya gesi. Akasema hana mtungi. Nilikuwa nimebeba wangu kwenye bodaboda! Ikawaka, nikapuliza, tukasubiri tumenyamaza wote, gesi inaendelea kutoka. Nikaondoka. Duka la tatu ndipo nikasikia "tak". Nimeichukua, ina koki ya kumwagia mafuta mbele, na chenji imetosha bati mbili. Kesho fundi anapiga.

MamaWaMajengo
Hongera mwanangu. Ina mfuniko? Mafuta yakishika moto ni kufunga gesi na kufunika, maji usisogeze.

BintiNkuhungu
Mfuniko! Narudi dukani.