Loki ya difu ya mbele kwa Land Cruiser pickup HZJ79: ya hewa, ya umeme au ya kujifunga yenyewe?

TangawiziMilimani:

Wakuu, heshima kwenu. Nina Land Cruiser pickup HZJ79, injini 1HZ, nafanyia kazi Mamba Miamba, milima ya Upare Kusini. Kupanda nabeba mbolea na saruji, kushuka nabeba tangawizi mpaka Same. Kiangazi sina neno. Masika ikianza kuna vipande vya kupanda vinavyonitesa: udongo mwekundu, maji yamechimba mitaro pale pale yanapopita magurudumu, na katikati mwamba umechomoza kama ngazi.

Gari ina loki ya hewa ya ARB (kifaa cha kufunga difu) kwenye difu ya nyuma, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili; aliyeniuzia ndiye aliyeifunga. Kompresa iko chini ya boneti na inafanya kazi vizuri. Lakini hata loki ya nyuma ikishika, nikifika kwenye ule mwamba gurudumu moja la mbele linaning'inia na kuzunguka bure, la pili limetulia tuli, na gari haipandi. Tairi ni 7.50R16, habu za mbele, zinazounganisha magurudumu na ekseli, ni za kufunga kwa mkono.

Nataka loki na mbele. Fundi mmoja anasema niweke ya hewa, mwingine ya umeme, wa tatu anasema nisipoteze hela, niweke ile inayojifunga yenyewe. Naomba msaada kwa waliozitumia.

---

MsafiriNarok:

Habari ndugu. Niko huku Narok, Kenya. Nina Land Cruiser 75 ya zamani na mbele nimeweka Lokka, hiyo inayojifunga yenyewe. Haitaki kompresa, haitaki waya, haitaki swichi. Inaingia ndani ya kasha la difu lako lile lile, unatoa gia ndogo za kati unaweka hiyo. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na zingine. Kwenye lami nafungua habu, kwa hivyo mbele hakuna kinachozunguka na usukani unabaki mwepesi. Mvua ikinyesha nafunga habu, naingiza H4 (fowili ya kasi), natembea. Kwenye udongo mweusi imenitoa mahali ambapo magari mengine yalilala. Mimi nasema weka hiyo, pesa inayobaki nunua tairi.

---

DifuNaGia:

Mkuu TangawiziMilimani, umeeleza jambo ambalo wengi hawaelezi: moja linazunguka, lenzake limetulia. Huo ndio ugonjwa ambao loki inautibu. Difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kushoto na kulia, na kiasi cha nguvu hiyo kinaamuliwa na gurudumu lenye mshiko mdogo. Likiwa hewani halihitaji nguvu yoyote kuzunguka, basi na lenzake lililokanyaga mwamba halipati kitu. Ukifunga difu, yote mawili yanalazimika kwenda pamoja, na lile lililokanyaga mwamba linafanya kazi. Tena loki ya nyuma ipo tayari, ndivyo inavyotakiwa kuanza, kwa sababu gari yenye mzigo ikipanda uzito unarudi nyuma na mbele panakuwa pepesi.

Sasa kabla ya kuangalia bei, angalia usukani. Magurudumu ya nyuma yanasukuma tu. Ya mbele yanavuta na yanaongoza gari. Difu ya mbele ikifungwa, gari inataka kwenda moja kwa moja. Utakata kona nayo itakataa, na usukani utakuwa mzito mkononi.

Na kuna hili ambalo nataka ulisome mara mbili. Barabara zenu zimechongwa ubavuni mwa mlima, na sehemu nyingi zimeinama kuelekea bondeni. Kwenye utelezi, gurudumu linalozunguka kwa kasi kuliko gari inavyokwenda linapoteza uwezo wa kushika kwa upande. Difu ikiwa wazi, moja likizunguka, lile lililotulia bado limeishikilia pua ya gari njiani. Difu ikiwa imefungwa, yote mawili yanazunguka kwa pamoja, hakuna la kuishikilia, na pua inaanza kushuka kuelekea korongoni. Dereva anaongeza mafuta akidhani ataivuta irudi, na hapo ndipo inazidi kushuka.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni loki yenye swichi. Unaibana hatua chache kabla ya mwamba, usukani ukiwa umenyooka, unapanda, unaiachia kabla ya kona.

Kaka wa Narok hajasema uongo. Kwenye tambarare, na habu zikiwa za mkono, Lokka inafanya kazi nzuri, na kule ukiteleza unateleza kwenye majani. Ila ile inashika kila unapokanyaga mafuta, na inaachia pale tu gurudumu la nje ya kona linapotaka kwenda haraka kuliko la ndani. Wewe kwenye kona ya kupanda unakuwa umekanyaga mafuta na umekata usukani kwa wakati mmoja. Itakupinga, na huwezi kuizima yenyewe peke yake: utoe fowili yote, au ushuke kwenda kufungua habu kwenye tope. Kwa gari za fowili ya muda wote (magurudumu yote manne yanavuta daima) kama Land Cruiser 80 nisingeifunga mbele kabisa, maana pale mbele panavuta saa zote, hata kwenye lami.

---

MzeeWaMtae:

Vijana, mimi nimeendesha milima ya Usambara miaka mingi, Lushoto mpaka Mtae. Kabla hujanunua loki ya pili, una minyororo? Udongo mwekundu ukijaa kwenye tairi, tairi inakuwa laini haina meno tena. Hapo yote manne yanazunguka, na loki hazina la kukusaidia. Sisi tunafunga minyororo magurudumu ya nyuma, na siku mbaya ya mbele pia. Bei yake ni ndogo sana mbele ya hizo loki mnazotaja.

---

TangawiziMilimani:

Shikamoo mzee wangu. Minyororo ninayo ya nyuma. Inanisaidia sana kwenye udongo mtupu, lakini pale kwenye mwamba inaruka na kukatika, na tatizo la gurudumu kuning'inia linabaki pale pale.

Fundi DifuNaGia, nimekuelewa kuhusu swichi. Sasa ya hewa au ya umeme? Fundi wa huku anasema mipira ya hewa inakatwa na mawe, umeme ni salama zaidi. Na je, jointi za mbele, zile zinazopinda ekseli ukikata kona, zitahimili? Nimesikia zinavunjika.

---

DifuNaGia:

Mzee wetu wa Mtae amesema kweli tupu. Yote manne yakizunguka, tatizo ni tairi na ardhi, si difu. Ila kesi yako wewe ni ya mwamba na mitaro, na hapo loki ina kazi.

Kwa gari yako nachagua ya hewa, kwa sababu moja kubwa: kompresa unayo tayari. Hiyo hiyo inalisha loki mbili. Unahitaji loki yenyewe, solenoidi ya pili (vali ya umeme inayofungulia hewa), swichi na mpira wa hewa. Mwenye gari isiyo na kompresa ningemwambia apige hesabu upya, maana ya umeme inaondoa gharama hiyo yote.

Fundi wako ana hoja kuhusu mipira. Mpira wa hewa ni mwembamba, unaungua ukigusa paipu ya moshi na unakatwa na jiwe ukining'inia. Dawa yake ni njia ya kuupitisha: ufuate paipu za breki, ufungwe kila baada ya shubiri moja, na uachiwe ulegevu pale ekseli inapopanda na kushuka. Tembea na kipande cha akiba na viungio vyake. Mpira ukikatika unauunga njiani kwa kisu tu. Oringi ndani ya loki zikichoka utajua kwa dalili hii: ukizima swichi, solenoidi inatema oili ya difu. Usiliache hilo liendelee.

Loki ya umeme ya Harrop, ambayo ndani ni ya Eaton, ni imara na nimeifunga. Lakini ina tabia moja ambayo wauzaji hawaitaji: ukibadilisha mwelekeo, kutoka mbele kwenda nyuma, inaachia kidogo halafu inashika tena. Ukiwa umekwama na unasukasuka gari mbele na nyuma kujitoa, hilo utalihisi. Ya hewa inabaki imeshika pande zote mbili.

Kuna watakaokuuzia ekseli ya mtumba yenye loki ya kiwandani ya Toyota. Ni kitu kizuri sana ikiwa nzima, lakini mota yake inakwama kwa kutu ikikaa muda mrefu bila kutumika, na mota mpya ni ghali. Usilipe kabla hujaiona inafunga na kufungua kwa betri mbele ya macho yako.

Jointi za mbele: ndiyo, zinavunjika, na karibu kila mara sababu ni ile ile. Difu imefungwa, usukani umekatwa mpaka mwisho, mguu uko kwenye mafuta. Jointi ikiwa imepinda sana ndipo inakuwa dhaifu kuliko wakati wowote. Ukinyoosha usukani na kupanda kwa L4 (fowili ya nguvu), gia ya kwanza, mafuta kidogo, hazina shida hata ukiwa na mzigo.

Na hapa kuna faida ya bure. Kutoa difu ya mbele kwenye ekseli yako lazima ekseli za ndani zivutwe nje, yaani habu zinafunguliwa na nako zote (viungo vinavyogeuza magurudumu ya mbele) zinakuwa wazi. Siku hiyo hiyo badilisha sili za ekseli, osha jointi, zikague kama zina alama za kuchimbika, jaza grisi mpya, na angalia beringi za nako. Kazi hiyo peke yake ungelipia siku nyingine kwa bei kamili.

Kabla ya kuagiza, piga picha kibao cha chuma cha gari, mstari ulioandikwa TRANS/AXLE, umtumie muuzaji. Difu yako ya mbele si sawa na ya nyuma, na si sawa na ya 75 ya kaka wa Narok, kwa hiyo usikubali maneno ya "hii inaingia Land Cruiser zote". Mwambie pia uwiano wa krauni na pinioni (gia kubwa na ndogo za difu) na idadi ya meno ya ekseli. Na kama gari ilikuja kama mtumba kutoka Japani, hakikisha ni volti 12, maana za soko la kule nyingi ni volti 24, na solenoidi utakayoagiza lazima ilingane na kompresa iliyopo.

---

TangawiziMilimani:

Ahsante sana fundi. Gari ni volti 12, nimeangalia sasa hivi. La mwisho: fundi wa kuifunga nimjueje? Huku wengi wanajua kubadilisha difu nzima, lakini kufungua ndani na kupanga upya ni wachache.

---

DifuNaGia:

Muulize ana geji ya saa ya kupimia uchezaji wa krauni na pinioni. Akikwambia anapima kwa kutikisa na mkono, mshukuru uondoke. Uchezaji huo uko kati ya milimita 0.1 na 0.2, na mkono wa mtu haupimi hapo. Muulize pia kama anapaka rangi kwenye meno ili kuona yanapogusana. Krauni na pinioni zako ni zile zile za zamani, zimeshazoeana. Loki mpya ikiingia lazima zirudishwe pale pale zilipokuwa, la sivyo difu italia na meno yatakatika.

Kasha la difu litatobolewa ili kupitisha hewa. Akimaliza kutoboa, lioshwe mpaka kusibaki chembe ya chuma. Simama hapo uone kwa macho yako.

Swichi zifungwe kwa mpangilio wa Toyota: ya mbele isikubali kuwaka mpaka ya nyuma iwe imewaka. Hiyo inakuzuia kuibana ya mbele kwa bahati mbaya ukiwa kwenye kona. Oili iwe ya GL-5, ibadilishwe mapema baada ya safari za kwanza, na mwambie akague boliti za krauni kabla hajafunga.

Nitumie picha ya kibao ukifika mjini, nikusomee namba ya ekseli kabla hujatoa hela.

---

TangawiziMilimani:

Kesho nashusha mzigo Same, nitakutumia mchana.