Mtoto ana shanti ya kichwani, sasa anatapika na utosi umejaa. Nisubiri kliniki?

Habarini wapendwa, naombeni ushauri wa haraka. Mwanangu ana miezi 5, alizaliwa na kichwa maji akawekewa shanti wiki 7 zilizopita, ule mpira unaopita chini ya ngozi kupeleka maji tumboni. Alikuwa anaendelea vizuri, kichwa kikaacha kukua kwa kasi nikajua tumevuka. Tangu juzi kila akinyonya anatapika, analala mno hata kumwamsha ni kazi, na utosi umejaa hata nikimkalisha ametulia. Joto lipo kidogo. Jirani anasema ni meno. Kliniki ni wiki ijayo, nisubiri?

mama_watatu: Dada usisubiri, nenda leo hii hii, tena hospitali yenye daktari wa upasuaji wa ubongo. Wangu shanti imeziba mara 2 na dalili ndo hizo, mara ya kwanza nilipoteza siku 3 nahangaika na dawa za kutapika. Kwa watoto wachanga karibu nusu ya shanti zinasumbua ndani ya miaka 2 kwa hiyo usije ukajilaumu eti ulimlaza vibaya.

kaka_mtu: Si kuna kale kavalvu ka shanti nyuma ya sikio, kale kanakoongoza maji yapite, kabonyeze, kakirudi haraka ujue shanti ni nzima

nesi_zamu_ya_usiku: Hapana kaka, hicho kipimo kinadanganya, inarudi vizuri na huku imeziba. Mama asibonyeze. Angalia njia ya mpira kuanzia sikioni, shingoni mpaka tumboni, ukiona wekundu au kidonda kinachuruzika waambie mapema, maana joto miezi hii ya mwanzo tunawaza infeksheni. Ikiwa ndo hiyo, mara nyingi shanti inatolewa, maji yanatoka nje kwa mrija wa muda huku anachomwa antibayotiki za mshipani, maji yakiwa safi ndo anawekewa mpya. Hapo ni wiki kadhaa wodini, beba nguo za kutosha. Na karatasi za opereshini usizisahau.

Mleta uzi: Asanteni sana, tumefika tangu mchana. Wamempiga picha ya kichwa ya CT, maji yamejaa tena, imeziba, anaingia tiata usiku huu. Wamechukua na maji ya shanti kupima infeksheni, majibu bado. Jirani kapiga simu anauliza kama jino limeshatoka, sikuwa na la kumjibu.