Tumealikwa mkahawa wa Kithai: baba hali pilipili, mama kamba humdhuru. Tuagize nini?

BintiMaweni, Malindi
Assalaam aleikum jamaa. Kaka yangu anaposa Nairobi, na wakwe wametualika chakula cha usiku kwenye mkahawa wa Kithai, wapishi wenyewe ni Wathai. Sisi hapa Malindi pizza na tambi za Wataliani tumezizoea, lakini hiki chakula hatukijui. Baba ana vidonda vya tumbo, pilipili haigusi. Mama akila kamba midomo humvimba. Na nyama lazima iwe halali. Halafu, ni lazima kula kwa vijiti? Baba ashasema vijiti hashiki, heri alale na njaa kuliko kuaibika mbele ya wakwe.

KobeWaWatamu
Kuleni wali wa nazi nyumbani kabisa, huko muende kunywa maji 😂

MpishiLangoni, Lamu
Waaleikum salaam dada. Usimsikize Kobe. Nimepika Doha chini ya mpishi mkuu wa Kithai, Mwislamu wa Pattani, kusini mwa Thailand, kwa hivyo haya nimeyashika kwa mikono yangu.

Mwambie mzee atulie: Wathai hula kwa kijiko na uma. Kijiko mkono wa kulia ndicho kiingiacho kinywani, uma wa kushoto kazi yake kusukuma tu. Kisu hakuna, nyama huja imeshakatwa. Vijiti ni vya tambi.

Jambo la pili, kila mtu asiagize sahani yake. Vyakula huwekwa katikati, mkala pamoja, kila mmoja na wali wake. Agizeni mchuzi mmoja, supu moja, samaki mzima, mboga. Meza ya Kithai hupangwa chachu, chumvi, utamu na ukali vikutane. Mkiagiza michuzi mitatu ya nazi mtakinai kabla ya wali kuisha.

Sasa mama. Hapa ndipo pa kuwa macho. Kamba si wale unaowaona tu. Viungo vya kusaga vya michuzi yao, wa kijani, mwekundu, hata massaman, kwa kawaida vina kapi, yaani uduvi uliochachushwa kwa chumvi. Kwa hivyo mchuzi wa kuku unaweza kumvimbisha vilevile. Somtam, ile saladi ya papai bichi, hutiwa uduvi mkavu. Pad thai, tambi zao za kukaanga, pia. Usimwambie mhudumu "bila kamba", atakuondolea wale wakubwa tu akuletee. Mwambie kamba na uduvi humdhuru, aende jikoni akaulize.

Ningekuwa mimi, mama ningemwagizia samaki wa mvuke kwa ndimu na kitunguu saumu, pilipili ziletwe kando. Na supu ya tom kha ya kuku: tui, mchaichai, majani ya mndimu na mzizi wa jamaa ya tangawizi. Hiyo hata mzee ataipenda, bora waambie mapema pilipili zisitiwe, kwa sababu zile ndogo zao ni kama pilipili kichaa zetu. Mzee pia massaman: iliki, mdalasini, karafuu, viazi, njugu, ukwaju. Ukali wake mdogo, ila upo, na kwa vidonda vya tumbo aonje kwanza. Mama asiiguse.

Ukiona *moo* kwenye menyu ni nguruwe. *Gai* kuku, *nuea* ng'ombe, *pla* samaki, *goong* kamba. Lakini kuku kuwa kuku si kuwa halali, pigeni simu muulize nyama yatoka wapi. Wakibabaika, kuleni samaki.

Kuna kitu kilinishangaza jikoni kule. Kwetu tui zito huja mwisho, na likikatika mpishi anasemwa. Wao wanaanza nalo! Wanalichemsha makusudi mpaka likatike, mafuta yaelee, ndipo viungo vikaangwe humo. Mamangu nilipomsimulia alisema hao hawana mkwe wa kuwasuta.

BintiMaweni
Shukran sana nduu yangu. Basi uduvi ndio adui, sikujua. Na ile sosi ya samaki nasikia imo kila mahali?

MpishiLangoni
Nam pla. Ni samaki wadogo na chumvi, wakachachushwa miezi mingi. Kama samaki hamdhuru mama, kwa kawaida haina neno. Harufu yake chupani kali, ikishaingia chunguni huisikii.

UmmuMombasa
Mie naongezea tamu: wali wa kunata na embe bivu, umemwagiwa tui lenye sukari na chumvi kidogo. Kama msimu wa embe, msiondoke bila.

KobeWaWatamu
Wali na embe?? Sahani moja?

UmmuMombasa
Wewe wala maandazi kwa mbaazi asubuhi, wacha maneno.

MpishiLangoni
Dada, simu ipigwe mchana, si saa mbili usiku jiko likiwa limewaka. Na umpigie kaka pia, awaambie wakwe habari ya mama kabla hamjakaa, maana mwenyeji ndiye huagiza.