Tupeane uzoefu: uliyewahi kudai au kudaiwa mahakamani, ilikuwaje?

Mzee wa Kokoto:
Wakuu kwema? Leo mzee mmoja hapa mtaani kaletewa samansi (ile karatasi ya kuitwa mahakamani), anauliza kila anayepita "sasa mimi nakamatwa lini?" Nikamkalisha nikamwambia mzee wangu hii ni madai, huko hakuna pingu, unaitwa ukaseme unadaiwa au hudaiwi. Ila usipokwenda ndo unawaachia waamue peke yao.

Imenikumbusha yangu. Nauza mchanga na kokoto, kuna bwana anajenga huku Chanika alichukua tripu kadhaa kwa mali kauli, kila nikipiga "kesho kaka", mwisho akanibloku. Nikaenda mahakama ya mwanzo. Watu wanaidharau ile mahakama wanadhani ni ya ugomvi wa kuku, kumbe inasikiliza madai ya mali inayohamishika mpaka milioni 30 na isiyohamishika mpaka milioni 50. Nilikuwa na karatasi za tripu zilizosainiwa na msimamizi wake wa saiti, na meseji za WhatsApp anasema "nitakumalizia mwisho wa mwezi". Hakimu kasoma ile meseji kwa sauti, bwana yule kaangalia dari. Nikashinda.

Ila kushinda na kulipwa ni vitu viwili tofauti kabisa. Baada ya hukumu lazima uombe kuikazia, yaani mahakama imlazimishe akulipe, na wewe mwenyewe ndo uonyeshe mali zake ziko wapi, mahakama haikutafutii. Tupeane uzoefu jamani maana watu wanaumia kwa kutojua tu.

Kipusa:
Hapo kwenye kukazia umesema kweli tupu. Nina hukumu ya mahakama ya wilaya, mdaiwa kahama mkoa.

Mtoto wa Ilala:
@Kipusa usiitupe hiyo karatasi. Una miaka 12 ya kuikazia. Siku akinunua gari au kiwanja unarudi naye.

Simba Mkongwe:
Mnajichosha bure. Deni peleka polisi, akilala lokapu usiku mmoja tu asubuhi ndugu zake wamechanga. Mahakamani utaambiwa njoo kesi inatajwa, njoo hakimu yuko likizo, njoo faili halionekani.

binti_tanga:
@Simba Mkongwe ushauri kama huo ndo ulimweka mdogo wangu ndani Ijumaa mpaka Jumatatu kwa deni la kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, ana mtoto ananyonya. Kukopa ukashindwa kulipa sio kosa la jinai, ni mkataba umevunjika, na mkataba ukivunjika ni madai. Jinai inakuja pale mtu alipokudanganya tangu mwanzo ili achukue hela yako. Polisi sio wakusanya madeni.

Simba Mkongwe:
Hayo ya kwenye vitabu dada. Mimi nilidai nikalipwa.

binti_tanga:
Na siku utakayemfungisha atoke akakufungulie kesi kwamba ulimshtaki kwa hila, wewe ndo utakuwa unamlipa fidia. Usije kutuomba michango humu.

Mtoto wa Ilala:
Jamani tusigombane, mada ni uzoefu.

Mama Mshoni:
Naomba niseme maana hapo juu nimesoma "usipokwenda unawaachia waamue peke yao" nikatetemeka. Sisi hatukukataa kwenda. Sisi hatukuletewa samansi. Narudia, hatukuletewa.

Mume wangu alimdhamini mwenzake wa kazini mkopo kwenye taasisi moja, yule mwenzake akaacha kazi, simu haipatikani, nyumbani kahama. Tukajua siku moja tutapigiwa tuzungumze tulipe kidogo kidogo. Kimya. Sasa asubuhi moja niko kibarazani nashona gauni la mteja la send-off, satini, kitambaa kile ukikosea umeharibu, naona kenta inasimama wanashuka vijana wanne na mtu mzima kashika karatasi zina muhuri. Anasema yeye ni dalali wa mahakama, kuna hukumu imetoka tunadaiwa na tumeshindwa kulipa. Hukumu gani? Ya upande mmoja. Kumbe kuna mtu alikwenda kuapa kwamba alifika kwetu na samansi tukakataa kusaini!! Mume wangu yuko Mbeya kikazi, nampigia mikono inatetemeka nashindwa kubonyeza.

Wakaanza na friji, wakaimwaga maji na samaki wangu wa kuuza. Wakachukua tv, makochi. Wakaja kwenye cherehani. Nikawaambia hii ni yangu, hii ndo inalisha hii nyumba. Yule kijana wala hakunitazama, kainyanyua na gauni la watu likiwa bado limebanwa, sindano imezama kwenye satini, na uzi unafunguka kwenye kigurudumu unaburuzika uwani mpaka kwenye kenta. Mwanangu wa darasa la pili akawa anaufuata ule uzi anauviringisha mkononi, anadhani ananisaidia. Mimi nilikaa chini kwenye vumbi nguvu zikaniisha. Mwenyekiti wa mtaa yuko pale kaitwa kushuhudia, ananiambia "pole mama, mimi nashuhudia tu".

Aliyenisaidia ni dada mmoja msaidizi wa kisheria wa kata yetu, na hakunidai hata mia. Aliniuliza mawili tu: deni ni la nani, na cherehani ni ya nani? Risiti nilikuwa nayo, ina jina langu. Tukapeleka pingamizi kwamba mali iliyokamatwa si ya mdaiwa. Na akanionyesha sheria ya mwenendo wa madai inakataza kukamata vifaa vya kazi vya fundi, vyombo vya kupikia, nguo za kuvaa, vitanda na matandiko. Mume wangu naye akaomba ile hukumu ya upande mmoja iondolewe asikilizwe. Yule aliyeapa kuleta samansi akaitwa, akaulizwa nyumba hiyo geti lake liko upande gani, akasema mbele. Kwetu mbele hakuna geti, tunaingilia ubavuni kwenye uchochoro.

Hukumu ikaondolewa. Cherehani ikarudi mguu mmoja umepinda. Friji na tv vilishauzwa.

Kipusa:
Pole sana dada yangu.

Mama wa Watatu Kibaha:
Huyo mtoto na uzi jamani. Nimeshindwa kuendelea kusoma.

Bavicha wa Zamani:
Pole mama, lakini tuwe wakweli, mumeo alisaini udhamini. Sheria ya mikataba inamhesabu mdhamini anadaiwa sawasawa na mkopaji. Mkopeshaji halazimiki hata kumtafuta mkopaji kwanza, anaweza kuanza na mdhamini aliyeko karibu. Kwahiyo deni lilikuwepo.

Mama Mshoni:
Sijasema hatudaiwi. Nimesema walituhukumu bila kutuita. Tungeitwa tungekwenda, tungeomba kulipa kwa awamu, ndo tunavyolipa sa hivi na kila mwezi tunapeleka. Sasa friji yangu iliuzwa ya nini?

Mama wa Watatu Kibaha:
@Bavicha wa Zamani uwe unasoma mpaka mwisho ndo ujibu.

Bavicha wa Zamani:
Nimesoma yote. Nasema kwa faida ya wengine wanaosaini udhamini kwa sababu ya urafiki wa chai ya saa nne. Ukisaini, hesabu ni deni lako.

Dereva Mstaafu:
Na gauni la send-off? Mteja alivaa nini?

Mama Mshoni:
Jirani yangu alinipa cherehani yake usiku ule, nikashona upya mpaka alfajiri. Mpaka leo ni mteja wangu yule.

Dereva Mstaafu:
Mungu ambariki huyo jirani.

Kipusa:
Na je wangetaka nyumba? Maana mimi mume wangu ana hati ndani na ana marafiki wengi.

Mtoto wa Ilala:
Nyumba ya familia kuiweka rehani lazima mwenzi wako aridhie, iko kwenye sheria ya ardhi na sheria ya ndoa. Ukisikia nyumba inauzwa na hukuwahi kusaini chochote wahi mahakamani uombe zuio kabla mnada haujafanyika. Ikishauzwa inakuwa kazi nyingine ngumu zaidi, mnunuzi naye anakuja na haki zake.

Ukuta wa Mbagala:
Mimi yangu ni ya kuidai serikali. Greda la halmashauri lilikuwa linachonga barabara likala ukuta wangu, ukaanguka juu ya jiko na kuku wangu. Wakanizungusha na barua. Nikampata wakili, kijana mchangamfu, akafungua kesi haraka haraka mahakama ya wilaya. Siku ya kwanza tu wakili wa serikali kasimama, kaweka pingamizi, kesi ikatupwa. Sababu? Serikali huishtaki bila notisi ya siku 90, na tangu sheria ilipobadilishwa 2020 hata halmashauri iko humo humo, lazima na Mwanasheria Mkuu aunganishwe, na kesi yenyewe inakwenda Mahakama Kuu. Gharama zote nikalipa mimi, ukuta bado uko chini. Nikaanza upya na wakili mwingine mama mtu mzima, kitu cha kwanza aliniuliza ni ukuta ulianguka tarehe ngapi, maana madai ya madhara kama hayo yana miaka 3 tu, ya mkataba ndo yana 6. Kumbe wakati mimi naandikiana barua na maofisa saa ilikuwa inatembea.

Simba Mkongwe:
Si nilisema mahakamani mnajichosha?

Ukuta wa Mbagala:
Ungenishauri niipeleke halmashauri polisi?

binti_tanga:
😂😂 Jibu swali hilo @Simba Mkongwe

Dereva Mstaafu:
Hiyo miaka 3 muiogope. Shemeji yangu aligongwa na lori, dereva akashtakiwa trafiki, akapigwa faini, familia ikadhani ndo imeisha. Ile faini inakwenda serikalini, mgonjwa hapati hata panadol. Fidia ni kesi nyingine ya madai, na unamuunganisha mwenye lori, sio dereva peke yake, maana dereva alikuwa kwenye kazi ya tajiri yake. Bima ya gari hata ile ndogo kabisa inamhusu mtu wa tatu aliyegongwa. Tunzeni PF3 (ile fomu ya polisi ya matibabu), ile hukumu ya trafiki, risiti za hospitali na za dawa zote hata za elfu mbili. Kampuni ya bima ikileta ujanja kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, nendeni.

Mpwani wa Mombasa:
Salamu kutoka huku Mombasa. Sisi Kenya tangu 2021 tuna mahakama ya madai madogo, kesi isiyozidi milioni moja ya Kenya, na sheria inataka iishe kwa siku 60. Mwenye nyumba alikataa kunirudishia diposi yangu akisema nimemchafulia kuta. Nilikuwa na picha nilizopiga siku naingia na siku natoka. Hakimu alizitazama zile picha moja baada ya nyingine, akamuuliza "ni ukuta upi huo, bwana?" Nilirudishiwa pesa zangu zote. Nyinyi huko hamna kitu kama hicho?

Mtoto wa Ilala:
Cha karibu ndo hiyo mahakama ya mwanzo aliyosema mwenye mada. Unafungua mwenyewe bila wakili, mambo ya kiufundi sio mengi, na usiporidhika una siku 30 za kukata rufaa wilayani.

Bavicha wa Zamani:
Na mawakili hawaruhusiwi mahakama ya mwanzo.

Mtoto wa Ilala:
Hiyo ya zamani mkuu. Sheria ilirekebishwa 2021, mahakama ya mwanzo inayoendeshwa na hakimu mkazi wakili anaingia. Mwaka huo huo ndo Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama, kabla ya hapo mtu anapewa hukumu ya Kiingereza anatafuta mwalimu wa sekondari amsomee kama kashinda au kashindwa.

Mama wa Watatu Kibaha:
Kweli kabisa, marehemu baba alitembea na hukumu yake mfukoni wiki nzima akijua kashinda.

Kipusa:
Na ya viwanja? Maana kuna mtu kasogeza beacon (jiwe la mpaka) huku kwetu.

Ukuta wa Mbagala:
Anzia baraza la kata, ila siku hizi halitoi hukumu, linasuluhisha tu, lina siku 30. Mkishindwana wanakupa hati ya kuonyesha usuluhishi umeshindikana, unaenda nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la wilaya. Usiende wilayani bila hiyo hati watakurudisha, labda siku 30 ziwe zimepita baraza halijasuluhisha.

Kausha Damu Survivor:
Mimi nauliza na naomba nijibiwe vizuri maana silali. Nimeshindwa kesi, sina mali ya kukamata, nimepanga chumba kimoja. Anayenidai anasema ataniomba mahakama inifunge. Si mmesema madai hakuna pingu?

Simba Mkongwe:
Hama mji.

binti_tanga:
@Kausha Damu Survivor usimsikilize huyo, ukitoroka ndo unampa sababu. Kipo kifungo cha madai, ila hakiji hivi hivi. Mahakama inakuita kwanza ueleze kwanini usifungwe, na hapo nenda na ushahidi wa hali yako, mkataba wa pango, kipato chako, watoto. Kinalenga mtu mwenye uwezo anayeficha mali, sio masikini. Na ukifungwa, anayekudai ndo anayelipia chakula chako gerezani, asipolipa unatoka. Wengi wakiambiwa hivyo wanakubali muongee. Nenda na pendekezo lako la kulipa kwa mwezi limeandikwa, hata kama ni elfu ishirini.

Kausha Damu Survivor:
Asante dada. Naogopa kusimama mbele ya hakimu, sijawahi.

Mama Mshoni:
Usiende peke yako. Nenda ofisi ya kata au kwa afisa maendeleo ya jamii, ulizia wasaidizi wa kisheria, wapo kisheria tangu 2017 na huduma yao ni bure. Uko wilaya gani? Kama ni huku Temeke nifuate inbox nikupe namba ya yule dada.

Kausha Damu Survivor:
Niko Temeke. Nakuja inbox sasa hivi.