Mitungi ya miungu ya Wamoche: nani athibitishe, anayedai au anayeishikilia?

Wadau, kila mitungi ya kale ya Peru inapotajwa, kuna hoja haikosi: makumbusho na matajiri wa nje wairudishe pale tu Peru itakapothibitisha kila mmoja ulichimbwa wapi. Mimi naipinga.

Wamoche walikaa pwani ya kaskazini ya Peru, kati ya mwaka 100 na 800 hivi. Hawakuacha maandishi, dini yao tunaisoma kwenye kuta za mahekalu na kwenye mitungi hii. Shingo ni mirija miwili iliyopinda, ikakutana juu na kutoa mdomo mmoja. Chini yake kakaa mungu mwenye chonge zilizotokeza, mkanda wake una vichwa vya nyoka. Kwingine kashika kisu mkono mmoja, na mwingine kichwa cha mtu, kakikamata kwa nywele. Si kitu cha kuwekea maua, ingawa wapo wanaofanya hivyo.

Sasa, mingi ilifinyangwa kwa kalibu, kwa hiyo inafanana, na mingi ilizikwa na wafu. Mwizi akishafukua kaburi, ushahidi kaufukua nao. Mwaka 1989 Peru ilishindwa kesi huko California hivyo hivyo: mahakama ilisema tamaduni za kale za Peru zilienea hadi Bolivia na Ekwado za leo, basi haijulikani vitu vilitoka upande gani wa mpaka. Yaani mwizi alivyoharibu zaidi, ndivyo mnunuzi anavyokuwa salama zaidi!

Linganisha na Sipán, eneo la makaburi ya Wamoche. Mwaka 1987 wezi walitangulia, lakini mwanaakiolojia Walter Alva na wenzake wakawahi makaburi ambayo hayajaguswa. Ya huko tunajua kila kitu kililala wapi kando ya maiti.

Kuna wanaonikumbusha mwanaakiolojia Mjerumani Max Uhle, aliyechimba eneo la Moche, Peru, mwaka 1899 na kuandika alichokikuta. Vitu vyake viko chuo kikuu cha Berkeley, California. Sawa, hiyo ni kesi nyingine, siichanganyi na magendo. Lakini tangu 1929 sheria ya Peru inasema mali ya kale iliyo ardhini ni ya taifa.

Anayepinga anijibu hili: mtungi ambao karatasi yake ya kwanza kabisa ni risiti ya mnada wa miaka ya 1980, mnunuzi alidhani umetoka wapi?